Hatusubiri: Wagonjwa wa Kisukari Walivyojitengenezea Kongosho la Bandia

Kisa hiki kinahusu uamuzi mmoja mgumu: kuiachia programu iliyoandikwa na watu usiowajua, wasio na kampuni wala leseni, ikupimie insulini, dawa ambayo ikizidi inaua. Kuanzia mwaka 2015 maelfu ya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza walifanya uamuzi huo, na wengi waliufanya baada ya kusoma na kuuliza mtandaoni, wakati mwingine bila daktari wao kujua. Ukiusikia juujuu unaonekana ni wazimu. Ukiufuatilia hatua kwa hatua unakuta watu waangalifu mno, waangalifu kuliko wengi wetu tunavyokuwa tunapomeza kidonge alichoandika daktari.

Swali ninaloliuliza hapa si kama walifanya vizuri au vibaya. Nataka kujua waliamuaje, na ni kitu gani ndani ya jumuiya yao kiliufanya ushauri wa mgeni uwe wa kuaminika.

Mgonjwa ndiye mpima dozi

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini kutoka nje, mtu hafiki mbali. Tangu Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini hospitalini Toronto, tiba hii imekuja kuwa na tabia moja isiyofanana na dawa nyingine nyingi: dozi hupangwa na mgonjwa mwenyewe, kila siku, mara kadhaa kwa siku. Daktari humwona mara chache kwa mwaka. Siku zote za katikati ni yeye anayekadiria mlo, mazoezi, homa, usingizi na msongo wa mawazo, kisha anaamua achome kiasi gani.

Wanaoshangaa kwamba wagonjwa wanashauriana mtandaoni huisahau hali hii. Maamuzi tayari yako mikononi mwa mgonjwa, na yamekuwa hapo kwa muda mrefu. La kuuliza ni anaamua akiwa na taarifa gani, na nani yuko karibu kumsaidia kuzisoma.

Adui mkubwa ni usiku. Sukari ikishuka kupita kiasi, ubongo unakosa nguvu: mtu huchanganyikiwa, hupatwa na degedege, hupoteza fahamu, na wakati mwingine haamki. Ndiyo maana vifaa vya kupima sukari mfululizo vilipokewa kwa shangwe. Uzi mwembamba hukaa chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye majimaji ya katikati ya seli, kila baada ya dakika 5. Kifaa cha Dexcom G4 Platinum kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kilikuwa kizuri kwa wakati wake, ila kilikuwa na upungufu mmoja: namba zake zilionekana kwenye kipokezi kidogo cha mkononi tu, na kipokezi chenyewe kilipaswa kuwa karibu na mgonjwa. Mtoto akiwa shuleni, mzazi kazini hajui kitu. Kengele ikilia usiku na mgonjwa hasikii, imelia bure.

Jinsi mambo yalivyoanza

Mwaka 2012 mtoto wa miaka minne katika jimbo la New York aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Baba yake, John Costik, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Mapema mwaka 2013, mtoto alipopata kitambuzi, yaani kile kifaa cha kupima sukari mfululizo, baba alijiuliza swali ambalo mzazi yeyote angejiuliza: kama namba zipo, kwa nini mimi sizioni? Akakiunganisha kipokezi na kompyuta kwa waya, akajifunza jinsi kinavyozungumza, kisha akazipeleka namba kwenye jedwali la mtandaoni. Baadaye simu ikachukua nafasi ya kompyuta. Akatangaza kwenye Twitter kwamba imewezekana.

Walioitikia walikuwa watu wa aina yake. Lane Desborough, mhandisi ambaye naye ana mtoto mwenye ugonjwa huo, alikuwa amejenga mfumo wa kuonyesha namba nyumbani na kuupa jina la Nightscout. Ben West, mgonjwa mwenyewe, alikuwa ametumia miaka kuchambua lugha ya siri inayotumiwa na pampu za insulini, vifaa vidogo vinavyoisukuma insulini mwilini kidogo kidogo. Novemba 2013, katika mkutano wa wagonjwa na wahandisi uliofanyika Chuo Kikuu cha Stanford, likazaliwa tamko la Kiingereza la maneno manne, "We Are Not Waiting", ambalo kwa Kiswahili ni moja tu: Hatusubiri.

Mwaka 2014 programu ya Nightscout iliwekwa wazi kwa kila mtu, na kikundi cha Facebook kikaanzishwa kwa ajili ya watu waliotaka kuiweka wenyewe kwenye vifaa vyao. Kikafikisha maelfu ya wanachama kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Wengi hawakuwa wahandisi. Walikuwa wazazi wasiowahi kuandika mstari mmoja wa programu, wakifuata maelekezo yaliyoandikwa na wenzao, na wakikwama wanauliza. Mtu wa upande mwingine wa dunia anawajibu. Desturi iliyojengeka ni kwamba ukisaidiwa leo, kesho unamsaidia mgeni.

Hadi hapo hatari ilikuwa ndogo. Programu ilikuwa inaonyesha tu. Hata hivyo kuonyesha peke yake kulibadilisha maamuzi: mzazi aliweza kumpigia mwalimu kabla mtoto hajadhoofika, na mgonjwa mzima aliweza kumpa mwenzi wake ruhusa ya kuona namba zake akiwa safarini. Januari 2015 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu mfumo wa kampuni wa kupeleka namba za kitambuzi kwenye simu ya mtu wa mbali. Yaani walichojitengenezea wazazi kwa waya kikawa bidhaa halali ndani ya miaka miwili.

Kutoka kutazama hadi kuacha mashine iamue

Dana Lewis, mkazi wa Seattle, amekuwa na kisukari tangu ana miaka 14. Analala usingizi mzito, na kengele za kitambuzi chake hazikuwa zinamwamsha. Kwa mtu anayeishi peke yake, hilo si jambo dogo. Mwaka 2013 aliona tangazo la Costik, akaomba programu yake, akapewa. Yeye na Scott Leibrand, mtaalamu wa mitandao ya kompyuta ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, walianza na jambo la kawaida kabisa: kengele kali zaidi.

Mfuatano wa kilichokuja baadaye ndio unaobeba kisa chote. Baada ya kengele, waliongeza mahali pa Lewis kuandika mlo aliokula na insulini aliyochoma. Kwa taarifa hizo programu ikaanza kutabiri sukari itakuwa wapi baada ya muda fulani, na kupendekeza hatua. Lewis aliendelea kuamua mwenyewe. Alipolinganisha utabiri na hali halisi kwa miezi, akaona utabiri una maana. Desemba 2014, wakitumia kazi ya Ben West kuhusu pampu, wakaunganisha pande mbili: kitambuzi kinasoma, kompyuta ndogo inakokotoa, pampu inapokea amri ya kuongeza au kupunguza insulini ya msingi, ile inayoingia kidogo kidogo siku nzima. Februari 2015 waliuchapisha mpango wote wa hili kongosho la bandia kwa jina la OpenAPS, bure.

Hakuna aliyeruka kutoka kwenye sindano hadi kwenye mashine kwa usiku mmoja. Aliona kwanza. Akaonywa. Akashauriwa. Mwisho ndipo akaachia. Kila ngazi ilitoa namba zilizomwezesha kuamua kama anastahili kupanda inayofuata. Nimesoma maelezo mengi yanayowasifu watu hawa kwa ujasiri. Mimi ningewasifu kwa subira, ingawa tamko lao linasema kinyume.

Na subira hiyo iliandikwa ndani ya programu zenyewe. OpenAPS haikupeana kifaa kilichokamilika. Ilitoa mpango na maelezo, na kila mtu alipaswa kujijengea chake. Kulikuwa na sababu ya kisheria, maana kusambaza kifaa cha tiba bila idhini ni kosa, wakati maelezo ni maelezo. Lakini kulikuwa na faida nyingine: anayejenga analazimika kusoma. Dada yake, AndroidAPS, iliyokuja baadaye, ilikwenda mbali zaidi. Haikufungulii uwezo wote siku ya kwanza. Unapita hatua moja baada ya nyingine, unajibu maswali ya mtihani, unaishi kwa muda na mfumo unaopendekeza tu, kisha ndipo unaruhusiwa kuuacha ufanye kazi wenyewe.

Usalama nao ulifikiriwa kwa namna ya watu wanaojua kwamba vitu huharibika. Kitambuzi kikikatika, au kompyuta ikizimika, amri ya mwisho iliyopewa pampu huisha muda wake baada ya takriban nusu saa na pampu hurudi kwenye mpango wa kawaida wa mgonjwa. Mfumo ukifa, unakuacha pale ulipokuwa kabla hujaufunga.

Kwa nini ushauri wa mgeni ulifaa

Sasa niseme ninavyoona. Mtandaoni kumejaa ushauri kuhusu kisukari, na sehemu kubwa yake ni hatari: chai ya kumaliza kisukari, funga ya kuponya kongosho, mtu anayejigamba kwamba ameacha insulini na yuko salama. Mwenye aina ya kwanza akiiga huyo wa mwisho, damu yake hujaa asidi na ndani ya siku chache anaweza kufa. Kwa nini basi watu walewale, kwenye mitandao ileile, waliweza kujenga kitu kilichokuja kuthibitishwa na wanasayansi?

Wapo wanaosema ni kwa sababu walikuwa wahandisi. Sikubali. Mhandisi naye hudanganyika, hasa mwanawe akiumwa. Kilichowasaidia ni kwamba swali lao lilikuwa na jibu la haraka. Ukibadilisha kipimo jioni, asubuhi una mchoro wa usiku mzima wenye nukta moja kila dakika 5. Mgeni akikushauri vibaya, utamgundua kabla ya kifungua kinywa. Na kwa kuwa wengi walikuwa tayari kuweka michoro yao hadharani, mjadala ulihama kutoka kwenye "mimi ilinisaidia" hadi kwenye "tazama kilichotokea saa nane usiku, unadhani ni kwa nini?" Ushuhuda hauhojiki, mchoro unahojika. Watu hawa pia wana msemo wanaourudia mpaka unachosha, kwamba kisukari chako huenda kisifanane na changu, na msemo huo ulizuia mipangilio ya mtu mmoja isinakiliwe kama ilivyo na mwingine.

Lakini kanuni hiyohiyo inaonyesha mahali jumuiya kama hii inapoishiwa nguvu. Madhara makubwa ya kisukari kwenye macho, figo na mishipa ya fahamu huchukua miaka mingi kujitokeza, na hakuna mchoro wa asubuhi utakaokuonyesha. Kujua kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu kunayalinda macho kulihitaji utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, uliofuatilia watu 1,441 kwa wastani wa miaka 6.5 na kukuta kwamba waliodhibiti kwa makini, kati ya wale ambao hawakuwa na tatizo la macho mwanzoni, walipunguza hatari ya kulipata kwa asilimia 76. Hakuna kikundi cha mtandaoni ambacho kingeweza kugundua hilo. Hata lengo ambalo wajenzi wa OpenAPS walikuwa wanalipigania, yaani kubaki kati ya miligramu 70 na 180 za sukari kwa desilita ya damu kwa muda mrefu iwezekanavyo, lilitoka kwenye sayansi ya aina hiyo. Walikuwa wanatatua jinsi ya kufika. Pa kufika walionyeshwa.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama aamini kikundi chake cha mtandaoni, huwa namrudishia swali: matokeo ya ushauri huo utayaona lini? Kubandika kitambuzi ili kisibanduke, kuzuia sukari isishuke wakati wa mazoezi, kusoma mchoro wa usiku: wenzako watakusaidia kuliko kliniki. Kuacha dawa ya shinikizo la damu kwa sababu "figo zangu hazina tabu": hapo kundi zima halioni zaidi ya unavyoona wewe.

Upande usiopendeza

Pampu zilizotumika mwanzoni zilikuwa za zamani, za kampuni ya Medtronic, na sababu ya kuzichagua inachekesha kwa namna yake: zilikuwa na udhaifu wa kiusalama uliozifanya zikubali amri kutoka nje. Mwaka 2011 mtafiti mmoja mwenye kisukari alikuwa ameonyesha hadharani jinsi pampu ya insulini inavyoweza kuingiliwa. Jumuiya iliutumia mlango huo huo. Watu wakawa wanazitafuta pampu zilizokwisha muda wa dhamana, na wenye nazo wakagundua wana kitu cha thamani. Juni 2019 kampuni ilitaka pampu za aina hiyo zirudishwe kwake kwa sababu ya udhaifu huo. Kile ambacho mdhibiti alikiona kama hatari, mgonjwa alikiona kama nafasi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Mwezi mmoja kabla, Mei 2019, FDA ilikuwa imetoa onyo kuhusu mifumo isiyoidhinishwa. Mtu mmoja aliyeunganisha vifaa ambavyo havikukusudiwa kufanya kazi pamoja alipata insulini kupita kiasi na kuhitaji matibabu. Wapo kwenye jumuiya waliolichukulia onyo hilo kama shambulio, wakisema pampu za kawaida na sindano nazo huleta ajali kila siku. Hoja yao ina uzito, ila haijibu swali lote. Kampuni ina wajibu wa kuripoti madhara. Jumuiya haina. Anayefaulu huandika, aliyeshindwa akaacha huondoka kimya, na aliyeumia vibaya huenda hana hata nguvu ya kuandika. Mgeni anayepita na kusoma furaha ya mamia ya watu haoni waliotoweka.

Kuna na suala la nani aliweza kuingia. Ulihitaji kitambuzi, pampu, simu nzuri, Kiingereza cha kusoma kurasa nyingi za maelezo, na usiku wa kupoteza. Wengi wa wenye kisukari duniani wangeishia kwenye kitu cha kwanza katika orodha hiyo. Watu wanaouchukulia mfano huu kama dawa ya upungufu wa huduma za afya hawajautazama vizuri.

Sayansi ilipofika

Ushahidi ulikuja kwa kuchelewa, na ulikuja kwa ngazi pia. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliofuatilia watumiaji 558 wa Loop, mfumo wa aina hiyo unaotumia iPhone: muda waliobaki ndani ya kiwango kile cha 70 hadi 180 ulipanda kutoka asilimia 67 hadi 73. Huo ulikuwa utafiti wa kufuatilia tu, hauna kundi la kulinganisha, na waliojiunga walikuwa wamekwisha kujichagua wenyewe.

Jaribio lenye uzito zaidi lilifanyika New Zealand na kuchapishwa Septemba 2022. Watu 97, watoto na watu wazima, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likatumia AndroidAPS yenye hesabu za OpenAPS, jingine likatumia pampu na kitambuzi kama kawaida. Baada ya wiki 24, kundi la kwanza lilikuwa limepanda kutoka asilimia 61.2 hadi 71.2 ya muda ndani ya kiwango, wakati jingine lilishuka kutoka 57.7 hadi 54.5. Tofauti yake ni kama saa tatu na dakika ishirini za ziada kila siku. Hakuna aliyepatwa na kushuka kwa sukari kwa kiwango kikali katika kundi lolote.

Madaktari nao walikuwa wamebadilika. Mwishoni mwa 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo wagonjwa waliojijengea mifumo, walitoa mwongozo wa pamoja uliowaambia wahudumu wa afya kwamba mgonjwa aliyechagua njia hii asaidiwe na asikataliwe huduma. Naona hilo lilikuwa muhimu kuliko namba za jaribio lenyewe. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walikuwa wanaficha. Daktari aliyeona mchoro mzuri alisifu bila kujua umetoka wapi, na maamuzi mawili, ya kliniki na ya mtandaoni, yalienda sambamba bila kukutana. Mgonjwa anayeficha ni yule ambaye siku akilazwa hospitalini hakuna anayejua ni nini kinachoisukuma insulini mwilini mwake.

Januari 2023 FDA iliidhinisha Tidepool Loop, programu iliyozaliwa kutoka kwenye kazi ya jumuiya na kupitishwa kwenye taratibu zote na shirika lisilo la faida, kwa wenye aina ya kwanza kuanzia miaka 6. Inatolewa kwa cheti cha daktari. Zile za kujijengea hazikufa. Anayetaka msaada rasmi, mafunzo, na mtu wa kuwajibika mambo yakienda mrama, sasa ana pa kwenda. Anayetaka kubadilisha kila kipimo mwenyewe anaendelea kusoma maelezo, kujibu mtihani, na kuuliza usiku kama wenzake wa 2014 walivyouliza. Mifumo ya kampuni nayo ipo mingi zaidi, ya kwanza ya aina hiyo ikiwa imeidhinishwa Marekani Septemba 2016, na kwa mgonjwa anayeanza leo huenda hiyo ndiyo njia fupi. Kabla hajachagua, kwenye vikundi vilevile atakuta watu waliotumia mbili au tatu kati ya hizo, wakiwa na michoro ya kila moja.